Mwanga au Mvutano wa Dunia: Klabu Yenu Ifanye Jaribio Lipi la Planktoni?

Kila shule zinapofungua, walimu wenzangu wa baiolojia hapa Kigoma huniletea shida ileile. Klabu ya sayansi ina watoto kumi na watano, hela ya vifaa hakuna, hadubini ni moja na lenzi yake ina ukungu, ila ziwa liko mlangoni. Tufanye nini? Huwa nawaambia wachukue planktoni, wale viumbe wadogo wanaoelea majini. Hapo ndipo linapokuja swali la pili, na ndilo lililonifanya nikae niandike: watoto waonyeshwe jinsi planktoni wanavyoufuata au kuukimbia mwanga, au waonyeshwe jinsi wanavyojua juu ni wapi na chini ni wapi hata gizani?

Majaribio haya mawili ukiyatazama kwa mbali ni mapacha. Yote ni chupa, maji na subira. Lakini kila moja linafundisha kitu chake, na kila moja lina mtego wake. Nimeyaongoza yote mawili, mara nyingine kwa makosa ambayo nitayaeleza. Niseme mapema ninakoegemea: kama klabu yenu ina nafasi ya jaribio moja tu na mna wiki mbili za kulifanya, fanyeni la mvutano wa dunia. La mwanga linapendeza zaidi, ila ni rahisi sana kulisoma vibaya.

Kwanza, hawa wanyama wanaenda wapi?

Planktoni ni kiumbe anayechukuliwa na maji. Mkondo ukija, anakwenda nao. Lakini kwenda juu na kushuka chini anaweza, na anaweza kuliko unavyodhani. Baharini, jioni giza linapoingia, makundi makubwa ya planktoni wanyama hupanda kutoka vilindini kuja kula karibu na uso wa maji, na alfajiri hushuka tena. Kopepodi, mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba, mwenye urefu wa milimita moja au mbili, anaweza kusafiri makumi ya mita, hata mamia, kila siku ya maisha yake. Kwa wingi wa viumbe, hakuna msafara wa wanyama duniani unaoufikia huu.

Wanadamu waliugundua ukubwa wake kwa bahati. Mwaka 1942, wakati wa vita, wanasayansi wa Marekani walikuwa wakipima mwangwi wa sauti chini ya maji nje ya San Diego. Mwangwi ukarudi kutoka kwenye tabaka lililokuwa mita mia kadhaa chini, mahali ambapo sakafu ya bahari ilikuwa bado mbali sana. Baadaye ikathibitika kuwa tabaka hilo hupanda usiku na kushuka mchana, kwa maana nyingine lilikuwa tabaka la viumbe hai.

Sisi hatuna bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ila Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ndani yake kopepodi wapo, uduvi wadogo wapo, na hata konyeza yupo, yule wa maji baridi aitwaye *Limnocnida tanganjicae*, mwavuli wake upana wa sentimita mbili hivi. Mjerumani Böhm alimwona mwaka 1883 na kuwashangaza wataalamu wa Ulaya waliodhani konyeza ni wa baharini tu. Tofauti moja kubwa na bahari ni kwamba hewa ya oksijeni katika ziwa letu huishia juu juu, kiasi cha mita mia moja upande wa kaskazini na mia mbili na kidogo upande wa kusini. Chini ya hapo mnyama hawezi kujificha, kwa sababu hawezi kupumua. Kwa hiyo msafara wa hapa una sakafu, na sakafu hiyo ni ya hewa.

Nini kinawasukuma kushuka mchana? Samaki. Dagaa huwinda kwa macho, na planktoni anayeonekana ni planktoni aliyeliwa. Usiku anapanda ale mwani. Mchana anashuka ajifiche.

Jaribio la mwanga

Hili ndilo kila mtu huanza nalo, na sababu iko wazi kwa mtoto yeyote aliyekulia Kibirizi au Katonga. Usiku akisimama ufukweni anaona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mtoto anajua tangu hajaanza shule kwamba taa inaleta dagaa. Ukimwambia kwamba na vijidudu ambavyo dagaa anakula navyo huvutwa na taa, somo limeshaanza.

Vifaa ni vichache. Shona wavu kwa soksi ndefu za nailoni za kike, ufunge kichupa kwenye ncha na pete ya waya mdomoni, uuvute taratibu kwenye maji kutoka gatini au kwenye mtumbwi uliofungwa. Usiwaingize watoto majini kwa miguu mitupu, kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, na mikono ioshwe kwa sabuni. Ukimwaga ulichopata kwenye bakuli jeupe na kulitazama kwa lenzi ya mkono utaona nukta zinazoruka-ruka kwa mishtuko. Hao ni kopepodi. Tazama kwa makini katikati ya kichwa: kuna nukta nyekundu, moja tu. Hilo ndilo jicho lake.

Chukua chupa safi ya maji ya lita moja na nusu, uigawe kwa kalamu ya wino mzito sehemu tano, ujaze maji yenye wanyama, kisha *uilaze*. Nitarudi kwenye neno hilo. Weka tochi upande mmoja, zima taa za chumba, subiri dakika kumi, hesabu waliomo katika kila sehemu. Hamisha tochi upande wa pili, hesabu tena. Kipindi kimoja cha dakika arobaini kinatosha, na watoto wataona kwa macho yao wanyama wakihama.

Uzuri wa jaribio hili ni mengi unayoweza kulifunganisha nalo. Baharini kuna mnyoo aitwaye *Platynereis dumerilii*, ambaye buu lake lina jicho la seli mbili tu: moja inapokea mwanga, nyingine ina rangi inayoweka kivuli upande mmoja. Mwaka 2008 Gáspár Jékely na wenzake walionyesha kuwa seli ile inayopokea mwanga imeunganishwa moja kwa moja na silia, vile vinyweleo vinavyopigapiga na kumsukuma buu. Buu huogelea kwa kujizungusha kama skrubu, na kila mzunguko jicho linapata mwanga, kisha kivuli, kisha mwanga. Kila likipata mwanga, silia za upande huo hubadili kasi yake kidogo, na buu linageukia kule linakotaka. Halina ubongo wa kufikiri wala picha ya dunia. Lina mwanga, kivuli na mzunguko. Mimi nikilieleza hili darasani huwa namwita mtoto mmoja mbele, nampa tochi, wenzake wanamwona akijizungusha huku kivuli cha kichwa chake kikipita machoni. Wanaelewa papo hapo.

Kuna na nyongeza ya matone. Jacques Loeb alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba kopepodi na viroboto wa maji wasiojali mwanga huanza kuukimbilia ukiongeza hewa ya kaboni dioksaidi majini. Matone machache ya maji ya soda yasiyo na sukari yanatosha kujaribu. Watoto hupenda sana sehemu hii.

Sasa mtego. Mtego wa kwanza ni tochi yenyewe. Chini ya maji, baharini au ziwani, mwanga hauji kama mshale. Unakuja umetawanyika, mwingi ukitoka juu, kidogo ukitoka pembeni. Richard Forward, aliyefanya kazi miaka mingi na mabuu ya kaa huko Marekani, alionyesha kwamba wanyama wengi wanaoonekana "kupenda" mwanga maabara hufanya hivyo kwa sababu ya ule mwali mwembamba tu. Wakipewa mwanga uliotawanyika kama wa baharini, mara nyingi wanaukimbia. Kwa hiyo tochi yako inauliza swali ambalo maji ya asili hayaulizi. Dawa yake ni ndogo: weka karatasi nyeupe au tishu kati ya tochi na chupa. Matokeo yakibadilika, hilo nalo ni tokeo, liandike.

Mtego wa pili ni kwamba mnyama hana jibu moja. Euglena, yule kiumbe wa kijani wa seli moja anayefundishwa kwenye vitabu vyetu, huufuata mwanga hafifu na kuukimbia mkali. Buu la *Platynereis* likiwa changa linaufuata mwanga, likikua kidogo linaukimbia. Kiroboto wa maji akinusa samaki majini hubadili tabia yake. Kwa hiyo klabu mbili zikichota maji sehemu moja siku tofauti zinaweza kupata majibu yanayopingana, na mwalimu asiyejua hili atadhani moja imekosea.

Mtego wa tatu ndio ulioniangusha mimi.

Chupa iliyosahauliwa kabatini

Mwaka wangu wa kwanza wa klabu tulitumia maji ya kijani ya dimbwi, yaliyojaa Euglena. Tulisimamisha chupa wima, tukaning'iniza tochi juu yake. Baada ya nusu saa pete ya kijani kibichi ilikuwa imejikusanya shingoni mwa chupa, chini maji yamebaki meupe. Tukaandika kwenye manila kwa herufi kubwa kwamba Euglena hufuata mwanga. Nilipiga picha. Nilifurahi kweli.

Siku mbili baadaye binti mmoja wa kidato cha pili alinijia ofisini ameshika chupa ya ziada, ambayo alikuwa ameiweka kabatini na kuisahau. Shingoni mwake palikuwa na pete ya kijani, kama ile ya kwanza. Alisimama mlangoni, akasalimia, kisha akasema: "Samahani mwalimu. Hii ilikuwa gizani. Sasa nani aliwaita juu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na niliona aibu nzuri, ile ya mwalimu aliyefundishwa. Manila tuliishusha. Euglena hupanda juu gizani pia, kwa kuufuata mvutano wa dunia kinyumenyume. Tochi yetu ilikuwa imewekwa pale pale ambapo wangekwenda hata bila tochi. Ndiyo maana nimesema chupa ya mwanga *ilazwe*. Ikilala, juu na chini havihusiki na tochi, na mwanga unabaki peke yake. Chupa iliyosimama yenye taa juu yake inachanganya maswali mawili na kukupa jibu moja, nawe hujui ni la swali lipi.

Jaribio la mvutano wa dunia

Hapa chupa inasimama, na mwanga unaondoka kabisa. Mnyama mzuri kwa kazi hii ni Paramecium, kiumbe wa seli moja wa madimbwini, na hapa hata wenzetu wa Tabora, walio mbali na ziwa, hawana udhuru. Loweka majani makavu yaliyochemshwa katika maji ya bwawa, la Igombe au lolote lililo karibu nawe, uyaache siku tano hadi saba mahali penye joto la kawaida. Juu patajitokeza utando. Chota chini yake kidogo. Ukitazama chupa kwa kuiweka mbele ya kitambaa cheusi utaona vumbi jeupe linalotembea. Hao ndio.

Jaza chupa nyembamba au mrija wa kioo hadi pomoni, usiache kipovu, funga. Funika kwa boksi. Baada ya dakika ishirini funua, piga picha kwa simu haraka, funika. Wengi watakuwa juu. Paramecium ana urefu wa robo ya milimita hivi na huenda kiasi cha milimita moja kwa sekunde, kwa hiyo mrija wa sentimita kumi na tano si safari ndefu kwake.

Kisha geuza chupa kichwa chini, miguu juu. Funika. Subiri tena. Watakuwa wamehama kwenda juu mpya, ambako muda si mrefu palikuwa chini. Kama wangekuwa wanafuata kifuniko, wangebaki kwenye kifuniko.

Hapo ndipo mtoto mwerevu atakapouliza kama si hewa ndiyo wanayoifuata. Ni swali la haki. Ndiyo maana chupa ilijazwa pomoni bila kipovu, na ndiyo maana isikae usiku kucha ikiwa imefungwa na wanyama wengi ndani, kwani oksijeni ikiisha hata asiyetaka kupanda atahangaika. Fanya ndani ya saa moja. Na joto je? Darasa la bati saa saba mchana hupasha sehemu ya juu ya chupa kabla ya chini. Simamisha chupa ndani ya beseni la maji ili joto liwe moja kote. Kila swali la aina hii lina jibu ambalo mtoto anaweza kulitengeneza kwa mikono yake, na hapa ndipo jaribio hili linapolishinda lile la mwanga kwa mbali. Linajenga akili ya kutenganisha sababu.

Usisahau pia chupa ya wafu. Weka matone ya siki katika chupa ya pili, wanyama wafe, kisha uisimamishe kando ya ile ya kwanza. Wafu watazama polepole, maana mwili wa Paramecium ni mzito kuliko maji. Ukiziweka chupa mbili pamoja, hai na wafu, mtoto anaona mara moja kuwa kupanda si kuelea kama povu. Ni kazi, na inagharimu nguvu.

Sasa wanajuaje juu ni wapi? Wengine kwa umbo tu. Kiumbe akiwa mzito upande wa nyuma, mkia huvutwa chini na kichwa hutazama juu, kama kipande cha mti kilichofungwa jiwe ncha moja. Hahitaji kuhisi chochote. Kwa Paramecium wataalamu wameeleza njia zote mbili, hiyo ya umbo, na nyingine ambayo uzito wa utomwili wake, yaani ute wa ndani ya seli, unagandamiza utando wa upande wa chini na kuamsha mabadiliko ya umeme yanayogeuza mapigo ya silia.

Wengine wana kijiwe. Konyeza ana vifuko vidogo ukingoni mwa mwavuli, na ndani ya kila kifuko kuna punje nzito. Akiinama, punje inalalia upande, naye anajua. Juni 1991 mabuu ya konyeza yalirushwa angani katika chombo cha Columbia. Waliokulia kule bila uzito waliporudi duniani, baadhi yao waliogelea ovyo, kama mtu mwenye kizunguzungu. Na kuna Loxodes, kiumbe wa seli moja wa maji baridi, ambaye punje yake ni ya bariamu salfeti. Huyu anachanganya uzito na hewa: oksijeni ikizidi anashuka, ikikosekana kabisa anapanda, mpaka apate tabaka linalomfaa. Nikimsoma huwa nalikumbuka ziwa letu lenye hewa juu na utupu chini.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kamba wadogo. Kamba ana kifuko cha mizani kwenye mzizi wa kipapasio, na kila akijivua gamba hupoteza punje zake za mchanga, kisha hujitilia nyingine. Mwaka 1893 Alois Kreidl aliwaweka kamba waliotoka kujivua kwenye maji yasiyo na mchanga, akawapa vumbi la chuma. Wakajitilia chuma. Alipoleta sumaku juu yao, wakageuka kana kwamba juu pamekuwa chini. Huhitaji hadubini kumweleza mtoto jambo hili. Unahitaji sumaku na misumari midogo ndani ya kikopo, atikise, asikie inavyolalia upande.

Ugumu wa jaribio hili nausema wazi. Halina mvuto wa dakika tano za kwanza. Unafunika boksi na kukaa kimya, na watoto wa kidato cha kwanza hawajui kukaa kimya. Kuhesabu ni kwa picha, na simu ya kamera mbovu haitaonyesha kitu. Kopepodi wa ziwani hawatoi jibu safi kama Paramecium, kwa kuwa wanaruka, wanazama, wanapumzika, tena wengi hufa wakikaa chupani siku nzima. Ukitaka jibu linaloonekana kwa mbali, tumia wa dimbwini.

Pale vitu viwili vinapokutana

Mwalimu anayechagua afahamu kuwa ndani ya maji wanyama hawachagui. Wanatumia vyote. Mchana ukiisha, kupungua kwa mwanga humwambia kopepodi kwamba saa imefika, lakini njia ya kwenda juu anaweza kuipata kwa uzito. Mwanga unasema lini, uzito unasema wapi. Buu la *Platynereis* likipigwa na miale ya urujuanimno linashuka chini bila kujali miale inatoka upande gani, na mwanga wa bluu-kijani unalipandisha, kwa hiyo kati ya rangi hizo mbili linapata kina chake. Mabuu ya kaa hutumia na shinikizo la maji: likiongezeka wanapanda, likipungua wanazama kidogo.

Hata mimea midogo ya baharini inajua. *Heterosigma akashiwo* ni mwani wa seli moja unaoogelea. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba ukiupindua mara kwa mara, kama mawimbi yanavyofanya, sehemu ya kundi hubadili umbo ndani ya dakika chache, uzito wake unahama, na sehemu hiyo inaanza kuogelea kwenda chini. Kundi moja linagawanyika mafungu mawili. Kwa klabu iliyokwisha kufanya jaribio la kugeuza chupa, swali la kufuata ni hilo: ukigeuza mara ishirini badala ya moja, nini kinatokea?

Basi, chagueni hivi

Mkiwa na kipindi kimoja, watoto wa kidato cha kwanza, na mnataka waipende sayansi kabla kengele haijalia, fanyeni la mwanga. Chupa ilale, karatasi nyeupe mbele ya tochi, tochi iwe ya LED isiyopasha maji, na mhesabu pande zote mbili. Msiandike "wanapenda mwanga". Andikeni walifanya nini, saa ngapi, kwa tochi ipi. Maji ya ziwa yachotwe jioni, wanyama wa jioni ni wengi na wana nguvu.

Mkiwa na wiki mbili au mnajiandaa kwa maonyesho, chagueni la mvutano. Gharama ni ndogo zaidi, tochi haihitajiki, na majaji wakiuliza "mnajuaje si hewa, mnajuaje si joto", wanafunzi wenu watakuwa na chupa ya kila swali mezani. Nimeona mtoto mwenye haya nyingi akimjibu mgeni kwa kugeuza tu chupa mbele yake na kumwomba asubiri. Shule iliyo mbali na maji makubwa nayo ichague hili bila kusita, Paramecium haulizi uko mkoa gani.

Kama mko ufukweni na mna wazazi wavuvi wa kuwasaidia, kuna mlango wa tatu, mgumu, ila ndio unaotoka darasani kabisa. Mvuvi mmoja wa Katonga aliniambia, "Mwalimu, mbalamwezi ikiwa kubwa sisi tunalala. Taa yetu haina kazi." Alikuwa anazungumzia mwanga, na wataalamu wamelichimba jambo hilo hilo. Huko Aktiki, wakati wa baridi jua lisipochomoza kabisa, ilionekana mwaka 2016 kwamba planktoni hushuka hadi kiasi cha mita hamsini kila mwezi mpevu unapong'aa. Na katika ziwa la Cahora Bassa, Msumbiji, Gliwicz aliandika mwaka 1986 juu ya mtego wa mwezi: siku zinazofuata mwezi mpevu, jua likizama kunakuwa na saa chache za giza kabla mwezi haujachomoza. Planktoni wanapanda wakijua ni usiku. Ghafla mwezi unatoka, na dagaa wanawaona wote. Dagaa huyo wa Cahora Bassa ni *Limnothrissa miodon*, mmoja wa aina mbili za dagaa wetu. Asili yake ni ziwa hili hili.

Muhula huu klabu yetu inajaribu kuuona mtego huo kwetu. Siku tatu baada ya mwezi mpevu tutakuwa gatini na wazazi wawili, maboya ya kuvaa kwa kila mtoto, na nyavu tatu za soksi. Tutavuta kila nusu saa tangu jua linazama hadi mwezi utakapopanda, kila mvuto kwenye kichupa chake chenye saa imeandikwa kwenye plasta. Yule binti wa chupa ya kabatini sasa yuko kidato cha nne, na yeye ndiye anayeshika daftari.